Nani Alipe Dagaa Walioloa? Kisa cha mvua ya mwezi wa nne na mashine ya mawingu

Kikundi kina wanachama thelathini hivi, karibu wote akina mama. Alfajiri mitumbwi inaporudi hununua dagaa wabichi kwa ndoo, mchana huwaanika, na magunia yakijaa huwauzia wachuuzi wa Kirumba Mwaloni, soko ambako dagaa wa Mwanza hupakiwa kwenda mikoani na nje ya nchi hadi Kongo. Mwalo wao uko Ilemela. Sitautaja, na majina ya watu nimeyaacha pia, kwa sababu ugomvi ulikuwa wa fedha na wahusika bado wanakutana kila wiki.

Utaratibu wao ni ule ule wa VICOBA: hisa, mikopo kutoka kwenye sanduku lenye kufuli tatu, faini kwa wachelewaji, na pembeni mfuko wa jamii unaochangiwa kidogo kidogo kwa ajili ya misiba, ugonjwa na majanga. Katiba imeandikwa kwa mkono kwenye kaunta buku. Kifungu cha majanga kinasema mwanachama aliyepata hasara "kwa kazi ya Mwenyezi Mungu, kama vile radi, mafuriko au upepo" atasamehewa riba, ataongezewa muda wa marejesho, na atapewa mkono wa pole kutoka mfuko wa jamii. Sentensi inayofuata inasema hasara iliyoletwa na mtu, iwe kwa wizi, ugomvi au uzembe, haimo: atadaiwa aliyeileta. Aliyeandika kifungu hicho alikuwa anafikiria mtoto aliyeacha mbuzi wakala dagaa wa jirani.

Mwezi wa nne 2024, ndani ya wiki moja, wanachama saba waliloweshewa mali. Mvua ilikuja asubuhi, dagaa wakiwa wametandazwa, wengine juu ya vichanja, wengi mchangani juu ya nyavu kuukuu. Dagaa aliyeanza kukauka akaloa tena haponi. Hukatika, hubadilika rangi, huanza kunuka, na mnunuzi anayebaki ni yule wa chakula cha kuku, ambaye bei anaipanga yeye. Wote saba walikuwa na mikopo ya sanduku. Walikuja kikaoni kuomba kifungu cha majanga kitumike.

Siku hizo hizo simu za mwaloni zilikuwa zinazungusha video moja. Inaonyesha mashine juu ya sitaha ya meli kubwa ya kijivu, ikipuliza ukungu mweupe mbele ya watu waliovaa kofia ngumu. Chini yake mtu ameandika kwa Kiswahili kwamba Wamarekani wameanza kutengeneza mawingu. Ilikuwa inatumwa pamoja na picha za Dubai, ambako tarehe 16 Aprili barabara ziligeuka mito na magari yakaelea, na watu dunia nzima wakasema ni mvua ya kupandikizwa. Kwetu wazo hilo halikuwa geni. Wenye umri wanakumbuka enzi za Waziri Mkuu Edward Lowassa, Serikali ilipozungumzia mvua ya kutengeneza kwa utaalamu wa Thailand, na mzaha uliofuata mitaani.

Mweka hazina alisikiliza maombi ya wale saba, akafungua kaunta buku, akasoma sentensi ya pili kwa sauti. Kisha akasema: "Ninyi wenyewe ndio mmetutumia hiyo video wiki nzima. Kama mvua ina mtu aliyeitengeneza, basi si kazi ya Mungu. Kamdaini huyo mtu."

Baadhi walicheka. Yeye hakucheka, na ukitazama hesabu unamwelewa: mfuko wa jamii usingeweza kubeba watu saba kwa mpigo. Ukawa mkutano wa ajabu. Waliokuwa wakieneza habari ya mashine sasa walilazimika kutetea kwamba mvua ni ya Mungu, na aliyeipuuza habari hiyo tangu mwanzo ndiye aliyeishikilia. Mwenyekiti akanipigia. Huwasaidia kufunga hesabu za mwaka, na kabla ya hapo nilifundisha jiografia. "Mwalimu, mambo ya mvua si ndiyo yako? Njoo utuamulie."

Mashine ya kwenye video

Video ni ya kweli, maelezo yake ndiyo ya uongo. Meli ni USS Hornet, manowari ya zamani ya kubebea ndege ambayo sasa ni jumba la makumbusho, imefungwa gati katika mji wa Alameda, kwenye ghuba ya San Francisco. Tarehe 2 Aprili 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliwasha hapo mtambo unaopuliza maji ya chumvi kwa chembe ndogo mno. Walitaka kuona kama chembe hizo zinabaki na ukubwa unaotakiwa zikisafiri hewani kando ya sitaha. Kiasi walichopuliza hakikutosha kubadilisha wingu lolote, na wala halikuwa lengo lao.

Lengo la mbali ndilo lenye mjadala. Mwaka 1990 mwanafizikia Mwingereza John Latham alipendekeza kwamba mawingu ya chini yanayotanda juu ya bahari yangeweza kufanywa meupe zaidi ili yarudishe mwanga wa jua angani kabla haujafika majini. Msingi wake ulikuwa umeshaelezwa na mwanasayansi wa mawingu Sean Twomey miaka ya 1970: wingu lenye maji yale yale, likigawanywa katika matone mengi madogo badala ya machache makubwa, hung'aa zaidi. Nilipowaeleza akina mama sikuhitaji ubao. Chukua kilo moja ya dagaa uwatandaze, na kilo moja ya sangara umlaze pembeni, uone ni wapi jua linakupiga machoni. Uzito ni mmoja, ngozi inayong'aa si sawa.

Kila tone la wingu huanza kwa mvuke kushika chembe fulani, ya vumbi, ya moshi au ya chumvi. Juu ya bahari kuu hewa ni safi, chembe ni chache, kwa hiyo matone ni machache na makubwa. Ongeza chembe za chumvi ndogo kuliko unene wa unywele mara mia kadhaa, na mvuke ule ule utagawanyika. Mhandisi Stephen Salter wa Edinburgh, aliyefariki 2024, alichora meli zisizo na nahodha, zinazoendeshwa kwa upepo, zinazonyonya maji ya bahari na kuyapuliza juu. Hesabu yake ilikuwa ya meli 1,500 hivi. Australia wameshajaribu kidogo: Machi 2020 kikosi cha Daniel Harrison wa Chuo Kikuu cha Southern Cross kilipuliza chumvi juu ya miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef, kwa nia ya kuyapunguzia joto matumbawe yanayokufa.

Jambo moja wengi mwaloni hawakulitarajia: wingu lenye matone madogo huwa gumu kunyesha. Matone hayo huchelewa kuungana hadi kuwa mazito ya kuanguka. Upandikizaji wa mvua, kama ule unaofanywa na Falme za Kiarabu, unatafuta kinyume chake, matone yakue yaanguke. (Na mamlaka yao ya hali ya hewa ilisema siku ya mafuriko ya Dubai haikupandikiza wingu lolote.) Kwa hiyo hata kama mtambo wa Alameda ungekuwa na nguvu mara milioni, kuulaumu kwa kuloesha dagaa ni kumkamata mtu kwa kosa ambalo kazi yake inalipinga.

Mvua ya Ilemela ilitoka ziwani

Mengine ni ya kupita haraka. Chumvi iliyopulizwa chini angani hukaa siku chache tu kabla ya kuoshwa. Haivuki nusu ya dunia ikafika Ilemela. Mawingu yanayolengwa ni yale mapana, membamba, ya urefu wa chini, yanayokaa juu ya maji baridi kama pwani za California, Peru, Namibia na Angola. Juu ya Ziwa Victoria tunayo ya aina nyingine kabisa, minara ya radi inayopanda kilomita nyingi. Na maji yetu hayana chumvi. Mtu akiweka mtambo ule kwenye kivuko cha Kamanga ataishia kulowesha abiria.

Mvua yetu ina historia yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi, ziwa hubaki na joto lake. Hewa iliyopoa huteremka kuelekea majini kutoka pande zote, Mwanza, Musoma, Kisumu, Entebbe, Bukoba, inakutana katikati, haina pa kwenda ila juu, na mawingu ya radi yanajengeka wakati wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Upepo wa jumla huyasukuma zaidi magharibi, ndiyo maana Bukoba hupata mvua karibu mara mbili ya Mwanza kwa mwaka. Lakini masika yakiwa mazito, sehemu yake hutufikia asubuhi, saa ile ile dagaa wanapotandazwa. Maji mengi yanayoingia ziwani, kama asilimia 80, ni mvua inayoangukia ziwa lenyewe. Ziwa linajinyeshea.

Na masika ya 2024 yalikuwa mazito kote Afrika Mashariki. Yalifuata vuli ya El Niño, na tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilitangazia Bunge kwamba mafuriko na maporomoko yalikuwa yameua watu 155 nchini. Dagaa wa wanachama saba ni sehemu ndogo sana ya msiba huo.

Nikadhani kesi imekwisha. Mweka hazina akafunga daftari: kama mwalimu anasema si mashine, basi ni ya Mungu, tutafute namna ya kulipa. Hapo bibi mmoja, mkongwe kuliko wote kikundini, akainua mkono.

"Mwanangu, wewe si ndiye uliyewafundisha watoto wetu kwamba joto la dunia limeletwa na moshi wa watu? Na kwamba joto likizidi, mvua nayo inazidi? Sasa hiyo imekuwaje ya Mungu?"

Swali la bibi

Hili ndilo lililonifanya niandike kisa hiki, maana mtambo wa Alameda ni mdogo ukiuweka mbele yake. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvua kubwa huzidi kuwa kubwa. Kwa ziwa letu hasa, utafiti ulioongozwa na Wim Thiery wa Ubelgiji na kuchapishwa 2016 ulionyesha kwamba mvua kali za usiku juu ya ziwa zinatarajiwa kuongezeka kwa kasi kuliko zile za nchi kavu inayolizunguka. Kwa hiyo mtu alikuwa ameshaingiza mkono kwenye mvua ya Ilemela kabla mtambo wa Alameda haujawashwa. Kifungu cha katiba, kinachogawa hasara kati ya Mungu na mtu, hakina pa kuiweka hasara yenye mikono miwili ndani yake. Mungu ngapi, mtu ngapi? Kwa mvua ya asubuhi moja kwenye mwalo mmoja hakuna anayeweza kujibu.

Kanda ya Ziwa tumeshawahi kuwa na kesi ya namna hiyo, tena rahisi zaidi. Kati ya 2004 na 2006 ziwa lilishuka sana. Mitumbwi ilikwama kwenye tope, magati yakabaki juu, mabomba ya maji yakalazimika kusogezwa mbali zaidi. Sisi wa pwani ya kusini tulisema ni ukame, na kweli mvua zilikuwa haba. Lakini Uganda ilikuwa imeongeza bwawa la Kiira kando ya lile la Nalubaale pale Jinja, na ili kupata umeme ilikuwa ikiachia maji zaidi ya yale yanayoruhusiwa na makubaliano ya tangu enzi za ukoloni yaliyotaka Mto Nile, unaotoka ziwani pale, utoe maji kama ulivyokuwa ukitoa kabla ya bwawa. Mwaka 2006 mhaidrolojia (mtaalamu wa mwenendo wa maji) Daniel Kull alikadiria kwamba takriban asilimia 55 ya kushuka kwa 2004 na 2005 ilitokana na mabwawa, iliyobaki ukame. Wahusika wakabishana. Kisha mvua zikarudi, maji yakapanda, na mjadala ukafa kifo cha kawaida. Simjui mvuvi wala mchuuzi wa Mwanza aliyelipwa hata shilingi kwa ile asilimia 55.

Tazama jinsi kesi hiyo ilivyokuwa nyepesi. Nchi tatu tu, zote wanachama wa jumuiya moja. Mlango mmoja wa maji. Kipimo Jinja kinachosomwa kwa zaidi ya karne moja. Maji yanayopita yanahesabika kwa mita za ujazo. Na bado hakuna aliyewajibika. Mawingu hayana mlango.

Sasa fikiri siku meli za Salter zinaelea mbele ya Namibia. Si ndoto ya kubuni tu. Mawingu ya pale ni miongoni mwa yanayofaa zaidi duniani, ndiyo maana watafiti wameyajaribu mara nyingi kwenye kompyuta. Mwaka 2009 Andy Jones na wenzake wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza walionyesha kwenye modeli yao kwamba kung'arisha mawingu ya Atlantiki ya Kusini kunapooza dunia, lakini kunapunguza mvua ya Amazon. Yaani wingu linaguswa mbele ya Namibia, anayekosa mvua ni Mbrazili. Mvua zetu nazo hazifuati Bahari ya Hindi peke yake. Siku ambazo upepo unageuka ukatoka magharibi, upande wa Kongo, Afrika Mashariki hulowa zaidi. Ukipooza bahari upande ule, hakuna sababu ya kudhani sisi tutaachwa kama tulivyo. Inaweza kuwa nafuu, masika yakapungua makali; inaweza kuwa vuli iliyokatika katikati na mahindi ya Sengerema yakakaukia shambani. Modeli hazikubaliani, na mvua ya Afrika Mashariki ni mojawapo ya mambo yanayozisumbua hata bila chumvi ya mtu.

Lakini ugumu mkubwa uko baada ya meli kuanza. Mvua zetu hupanda na kushuka zenyewe kwa kiasi cha kutisha. Mvua za 1961 na miaka iliyofuata zilipandisha ziwa zaidi ya mita mbili, bila meli ya mtu yeyote. Vuli ya 2019 Bahari ya Hindi ilipopata joto kubwa upande wetu, mvua zilifuatana hadi Mei 2020 ziwa likavuka rekodi ya 1964, nyumba za kandokando zikahamwa. Weka meli za kung'arisha mawingu ndani ya mwaka 2019, uone. Kila aliyehama angewalaumu wenye meli. Wenye meli wangetoa jedwali la 1961. Wote wawili wangekuwa na hoja, na mahakama isingepata pa kushika.

Tuna hata jaribio la bahati mbaya la kulinganisha. Kwa miongo mingi moshi wa salfa wa meli za mizigo umekuwa ukichora mistari myeupe kwenye mawingu ya bahari, inayoonekana kwenye picha za setilaiti tangu miaka ya 1960. Tarehe 1 Januari 2020 kanuni mpya za kimataifa zilishusha salfa ya mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Mistari ikapungua, bahari ikapata jua zaidi. Hadi leo wataalamu wanabishana mabadiliko hayo yameongeza joto la dunia kwa kiasi gani. Hiyo ni bahari nzima, tarehe inajulikana, setilaiti zinatazama. Wewe unataka wathibitishe kilichotokea Ilemela Jumanne asubuhi?

Alameda waliulizwa

Wanaotetea utafiti huu si wahuni, na sipendi wanavyochorwa kwenye video zetu. Wengi wao hawafurahii wazo lenyewe. Wanaogopa tu kwamba dunia itachelewa kuacha mafuta na makaa, kisha itakimbilia dawa ambayo haijapimwa. Wanasema wazi kwamba kung'arisha mawingu hakuondoi hewa ukaa wala hakuzuii bahari kuwa na tindikali, na kwamba ukiacha ghafla, joto ulilokuwa umelizuia hurudi ndani ya muda mfupi. Ningekuwa diwani wa Alameda nisingeufunga mtambo wao.

Madiwani wa Alameda waliufunga. Mei 2024 mji uliagiza wasimame, ukisema mkataba wa pango wa meli haukuruhusu shughuli hiyo. Wataalamu walioajiriwa na mji wakaona chumvi ile haina hatari ya kiafya inayopimika. Hata hivyo mwanzoni mwa Juni baraza likapiga kura ya kukataa kwa kauli moja. Hoja iliyowaudhi wengi ilikuwa kwamba mtambo uliwashwa kwanza, wakazi wakasoma habari baadaye.

Ni mji wa watu wasiofika elfu themanini. Ilemela peke yake, kwa sensa ya 2022, ina zaidi ya laki tano. Tofauti ni kwamba mtambo ulikuwa kwenye gati lao, na gati lina mpangaji, mkataba na diwani. Sisi tukitaka kupinga meli iliyo mbele ya Namibia, kwenye bahari isiyo ya nchi yoyote, tunakwenda ofisi gani?

Jibu la haraka ni kwamba serikali zetu zimeshasema. Agosti 2023 mawaziri wa mazingira wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walitaka uwepo utaratibu wa dunia wa kutotumia mbinu za kuzuia jua. Miezi sita baadaye, kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, Uswisi ilileta azimio la kuunda jopo la kuzichunguza mbinu hizo; nchi za Afrika zikataka lugha kali zaidi, wengine wakakataa, azimio likaondolewa. Kabla ya hapo, 2010, Mkataba wa Bioanuwai ulitoa uamuzi unaozitaka nchi kutofanya uhandisi wa tabianchi, yaani kuibadilisha hali ya hewa ya dunia kwa makusudi, unaogusa viumbe hai pasipo msingi wa kisayansi, isipokuwa utafiti mdogo. Uamuzi huo haumfungi mtu mkono. Na katika vyote hivyo sijaona mahali panapotaja fidia: mtu mwenye gunia lililooza apeleke wapi, athibitishe nini, kwa nani.

Msimamo wa mawaziri wetu naukubali nusu. "Tusitumie" ni neno zuri la kusema mlangoni. Ila wakishindwa kuzuia, na huenda wakashindwa, tutajikuta tumekataa kila kitu isipokuwa kilichotuhitaji zaidi, yaani kumbukumbu. Bila vipimo vya mvua vya kutosha kuzunguka ziwa na ndani ya visiwa vyake, vilivyosomwa miaka mingi kabla ya meli ya kwanza, hatutakuwa na hata jedwali la kupeleka mezani. Anayetaka kung'arisha mawingu ya Atlantiki aanze kwa kulipia vipimo vya mvua vya Ukerewe na Ukara, na data zibaki mikononi mwa Mamlaka ya Hali ya Hewa ya kwetu. Akikataa sharti hilo, tutakuwa tumejua nia yake.

Kilichoamuliwa

Kikao cha pili hakikuwa kirefu. Nilipendekeza waache kabisa kuuliza mvua ni ya nani. Bima za mazao zinazofuata kipimo cha mvua hufanya hivyo: mvua ikivuka kiwango kilichoandikwa, mkulima analipwa, na hakuna anayechunguza chanzo. Walikubali baada ya mabishano, si ya mawingu bali ya saa. Kifungu kipya kinasema mwanachama atasaidiwa mvua ikinyesha kabla ya saa nane mchana siku aliyoanika, ikishuhudiwa na wanachama wawili wasio na mkopo, na mali ikiwa juu ya kichanja chenye turubai tayari kando yake. Aliyetandaza mchangani masika hasaidiwi. Sharti la kichanja lilipitishwa kwa kura nyingi, wakiwemo watano kati ya wale saba.

Wale saba walisamehewa riba na kuongezewa miezi miwili. Mkono wa pole haukutolewa, fedha hazikuwepo.

Mweka hazina alikubali kila kitu, ila aliomba jambo moja liingie kwenye muhtasari, na katibu akaliandika kama alivyolitamka: kwamba fedha hizi ni za wanachama, kwa hiyo kulipana wenyewe kwa wenyewe hakumaanishi kikundi kimemsamehe mtu mwingine yeyote atakayethibitika kuhusika. Katibu akauliza nakala ipelekwe wapi. Mwenyekiti akasema ikae sandukuni.

Mchango wa mfuko wa jamii ulipandishwa kutoka shilingi 500 hadi 1,000 kwa wiki. Wanachama wawili wakajitoa, wakisema ni mwingi.